Juu ya Kuchagua Wimbo wa Usaili

Marekani na Uingereza miji mingi, hata iliyo midogo, ina vikundi vya wenyeji wapendao mchezo wa nyimbo, yaani mchezo wa kuigiza ambao watu wake husema kwa muda na kuimba kwa muda. Wanachama wa vikundi hivyo si watu wa kulipwa mshahara. Ni walimu, makarani, wauguzi, wenye maduka na wazee waliostaafu, ambao hukutana jioni baada ya kazi zao katika ukumbi wa shule au wa kanisa, wakajifunza mchezo kwa wiki kadhaa, kisha wakauonyesha mbele ya jirani zao. Kabla ya mafunzo kuanza hutangazwa siku ya usaili. Kila atakaye nafasi huja na wimbo mmoja alioteua mwenyewe. Huuimba mbele ya watu watatu au wanne wakaao nyuma ya meza. Hushukuriwa, akaenda zake. Kwa kutazama, jambo hili ni dogo, na muda wake ni mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Walakini nadai katika insha hii ya kwamba kuchagua wimbo huo ni kazi ya uhakiki, tena ya uhakiki ulio mgumu. Na ya kwamba mtu achaguaye vibaya aghalabu hakukosa sauti, bali alikosa kusoma.

Sisi tulio katika masomo ya fasihi tumezoea kuuona uhakiki kama mgeni ajaye baada ya karamu kwisha. Mshairi ametunga, kitabu kimepigwa chapa, ndipo mhakiki aketipo kupima. Katika usaili mambo yamegeuka. Mhakiki na mwimbaji ni mtu mmoja, na hukumu yake hutangulia kuimba. Akisema moyoni, "Wimbo huu wanifaa," amekwisha kutoa maoni juu ya maneno yake, juu ya umbo lake, juu ya mtu asemaye ndani yake, na juu ya nafsi yake mwenyewe. Maoni hayo hayaandikwi popote, lakini yatasikiwa na wote walio ukumbini. Mimi mwenyewe nimekosea mara mbili katika jambo hili: mara ya kwanza nikiwa mwimbaji, mara ya pili nikiwa mmoja wa wasaili. Kosa la pili ndilo linifanyalo niandike, kwa sababu la kwanza lilinidhuru mimi peke yangu.

Yafaa tuanze na kipimo. Kwa kawaida msailiwa haimbi wimbo mzima. Desturi ni kumpa vipimo 16 vya muziki, au 32 akipewa nafasi kubwa. Kipimo kimoja mara nyingi kina mapigo 4. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, vipimo 16 humalizika kwa sekunde 32. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Nyimbo nyingi za michezo ya Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilitungwa kwa kiini cha vipimo 32, vilivyogawanywa mafungu 4 ya vipimo 8. Fungu la kwanza hutoa sauti. La pili huirudia kwa maneno mengine. La tatu huiacha na kushika njia yake. La nne hurudi nyumbani. Basi vipimo 16 ni nusu ya kiini hicho.

Msomaji wa mashairi yetu hatakosa kuona hapa jambo la kupendeza. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, na kila mshororo una mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Jumla ni mizani 64. Vipimo 16 vya mapigo 4 vina mapigo 64. Sisemi kwamba umbo moja limezaa jingine. Ni nasibu tu. Lakini nasibu hii yatupa kioo cha kujitazamia. Katika tarbia mishororo mitatu ya kwanza huongozana kwa vina, na mgeuko hungojea kituo. Katika wimbo wa vipimo 32 mgeuko huja mapema zaidi, katika fungu la tatu. Kisha fungu la nne hurudia sauti ya la kwanza, ila hurudi likiwa limebeba habari ambayo la kwanza halikuwa nayo. Mtu aliyelelewa na umbo letu huelekea kuamini ya kwamba uzito wote u mwishoni. Nadhani hii ndiyo sababu moja ya wanafunzi wangu, nikiwaambia wakate vipimo 16 katika wimbo, karibu wote kukata vile vya mwisho.

Wanayo sababu nyingine pia: mwishoni ndipo ikaapo sauti ya juu, na kila kijana ataka wasaili waisikie. Lakini kituo kisicho na ubeti ni jibu lisilo na swali. Tutazame mfano. Katika mchezo uitwao Carousel, wa Rodgers na Hammerstein, ulioonyeshwa New York mwaka 1945, mna wimbo mrefu uitwao Soliloquy. Mwenye kuuimba ni Billy Bigelow, mwanamume mwenye majivuno asiye na kazi, baada ya kuambiwa na mkewe kwamba ana mimba. Kwanza hujigamba juu ya mtoto wa kiume atakayempata na mambo atakayomfundisha. Katikati ya majigambo fikira yamjia ya kwamba huenda mtoto akawa wa kike. Hapo majivuno yaanguka, na hofu ya umaskini yaingia. Mwishoni aapa kutafuta fedha kwa njia yoyote, na kiapo hicho ndicho kimpelekacho kwenye unyang'anyi na mauti. Sauti kubwa i katika kiapo. Lakini mtu mwenyewe hugeuka pale katikati. Achukuaye mwisho peke yake atuonyesha mtu apigaye kelele. Achukuaye mgeuko atuonyesha mtu mwenye hofu, na mchezo hauwezi kujengwa juu ya kelele.

Nasaha isikiwayo sana juu ya jambo hili ni hii: chagua wimbo uonyeshao sauti yako. Sitaki kuidharau, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kweli. Wasaili wa kikundi cha wenyeji wana haja za wazi. Kiongozi wa muziki ataka kujua kama mwimbaji hushika sauti bila kupotea, hufika juu kiasi gani na chini kiasi gani, na kama husikika nyuma ya ukumbi. Mwimbaji achaguaye wimbo ulio nje ya sauti yake hamsaidii mtu. Lakini nasaha hii ikichukuliwa peke yake hufanya wimbo kuwa ngazi ya kupandia, na maneno yake kuwa vipago tu. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sauti ijitembezayo bila neno la kusema huchosha upesi kuliko sauti ndogo yenye jambo.

Ushahidi wa madai hayo si wa mbali. Mwaka 1956 ulifunguliwa New York mchezo wa My Fair Lady, uliotungwa na Lerner na Loewe kutokana na tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion. Aliyeigiza Profesa Higgins, Rex Harrison, hakuwa mwimbaji wa kufundishwa, na nyimbo zake alizisema zaidi ya kuziimba. Karibu na mwisho Higgins, aliyeachwa na mwanafunzi wake Eliza, aimba peke yake kwamba ameizoea sura yake. Hasemi ya kwamba ampenda. Huanza kwa hasira, akamwombea maisha mabaya, hasira yakatika, abaki na neno la mazoea tu, na msikilizaji huelewa neno ambalo yeye hawezi kulitamka. Wimbo huu hauhitaji koo kubwa. Wahitaji mtu ajuaye tofauti ya maneno yasemwayo na maneno yazuiwayo. Kijana mwenye sauti ya wastani akiuchagua kwa kuielewa tofauti hiyo, amewapa wasaili jambo ambalo sauti ya juu peke yake haiwezi kuwapa.

Kanuni nyingine ijulikanayo ni kuepuka wimbo uliochoka. Tangu mchezo wa Les Misérables uonyeshwe London mwaka 1985, wimbo wa Éponine, msichana ampendaye mtu asiyempenda, umeletwa usailini mara nyingi mno. Kosa si la wimbo. Ni mzuri, ndiyo sababu ukachoshwa. Shida ni kwamba wasaili wanapousikia, wale waimbaji wengine wote waliokwisha kuuimba huingia chumbani pamoja na huyu aliyesimama, naye hupimwa kwa kivuli chao. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kadhalika hushauriwa mtu asilete wimbo wa mchezo ule ule unaochaguliwa watu wake, isipokuwa ametakiwa kufanya hivyo, bali alete jamaa yake: wimbo wa zama moja na tabia moja. Kutambua jamaa huyo ni kazi ya mhakiki halisi. Ni sawa na kuulizwa, bila kutumia utenzi huu, utoe utenzi mwingine wenye pumzi ile ile. Ajuaye majina ya tungo tu hawezi kujibu. Hujibu yule aliyesikia jinsi tungo zilivyojengwa.

Sasa niseme kosa langu la kwanza. Nilipokuwa nikisomea udaktari katika mji mmoja wa katikati ya Marekani, kikundi cha wenyeji kilitangaza usaili, nami nikaenda kwa kushawishiwa na majirani. Nilichagua Ol' Man River, wimbo wa mchezo wa Show Boat wa mwaka 1927, muziki wa Jerome Kern na maneno ya Oscar Hammerstein. Niliuchagua kwa sababu mbili. Sauti yangu ni nzito, na wimbo huo ulitungiwa sauti nzito. Na nilikuwa nimeusikia ukiimbwa na Paul Robeson katika sahani za santuri nikatamani kuwa yeye. Sikuleta karatasi za muziki zilizoandikwa kwa kimo cha sauti yangu. Nilimwambia mpiga kinanda aanze popote apendapo. Alianza mahali pa haki. Lakini wimbo huo huanza chini kabisa na kupanda hadi juu sana, na nilipofika kwenye mlima wake wa mwisho sikuwa na miguu. Nilishukuriwa kwa adabu. Mpiga kinanda, mama mmoja mzee, alinifuata mlangoni akaniambia, "Tumemsikia Robeson kwa mbali. Wewe hukuja."

Usiku ule niliudhika, na nilijipa sababu nyingi za kuudhika, nyingine zikihusu rangi yangu na mahali nilipotoka. Baadaye nilikubali ya kwamba yule mama alihakiki vema kuliko mimi. Katika Show Boat wimbo ule ni wa Joe, mtu mweusi wa kazi ngumu kandokando ya mto Mississippi, autazamaye mto usiojali taabu za watu. Sikuwa nimejiuliza Joe ni nani, wala amechoka na nini. Nilichukua uzito wa sauti yake nikauacha uzito wa mgongo wake. Jambo hili laonekana zaidi tukimtazama Robeson mwenyewe. Aliuimba wimbo huo London mwaka 1928, New York mwaka 1932 na katika filamu ya mwaka 1936. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, alipouimba mbele ya mikutano alianza kubadili baadhi ya maneno yake, yale ya kukata tamaa yakawa ya kupambana. Sauti ya muziki ilibaki ile ile. Mtu asemaye ndiye aliyebadilika, kwa sababu mwimbaji alikuwa ameusoma upya wimbo na kuona ya kwamba hawezi tena kuusema kama ulivyoandikwa. Mimi niliyemwiga niliiga koo la msomaji mkubwa nikaacha usomaji wake.

Kutokana na aibu ile nilijitungia kanuni, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu. Kabla ya kuchagua wimbo, uuliza maswali manne. Nani asema? Amwambia nani? Ataka nini kwake? Na kati ya neno la kwanza na la mwisho limebadilika jambo gani? Wimbo usiojibu swali la nne usiuchukue hata ukiwa mtamu kama asali. Tazama wimbo wa Julie na Billy katika Carousel, wanapokaa pamoja mara ya kwanza. Kila mmoja aeleza jinsi mambo ambavyo yangekuwa kama angempenda mwenzake. Wimbo mzima umejengwa juu ya -nge-, na -nge- hiyo ni ukuta mwembamba ambao kila mstari waupunguza. Mwalimu wa sarufi atakuambia ya kwamba hali hiyo yaonyesha jambo lisilokuwako. Mhakiki wa mchezo atakuambia ya kwamba hapa yaonyesha jambo lililokwisha kuwako, ila wenyewe waogopa kulitaja.

Nilirudi nyumbani na kanuni yangu kama msafiri arudiye na saa mpya, nikawa kila mara naitazama. Kikundi kimoja cha wapenda michezo katika mji wa pwani kilinialika kuwa mmoja wa wasaili wake. Mchezo ulikuwa Fiddler on the Roof, ulioonyeshwa New York kwanza mwaka 1964, muziki wa Jerry Bock na maneno ya Sheldon Harnick, kutokana na hadithi za Sholem Aleichem alizoziandika kwa Kiyidishi juu ya Tevye muuza maziwa, mkewe Golde na binti zao katika kijiji cha Wayahudi cha Urusi. Ungeonyeshwa kwa Kiingereza. Alikuja mama mmoja wa makamo, muuguzi, kutaka nafasi ya Golde. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaniitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha alituomba radhi kwamba hakuwa na karatasi za muziki, akaimba bila kinanda beti mbili za wimbo wa taarabu ya zamani, wa mafumbo ya jahazi na nahodha. Aliuimba taratibu, bila kupandisha sauti, akiutazama upande mmoja tu wa chumba, kana kwamba pale pamekaa mtu.

Nilipinga asichukuliwe. Nilisema ya kwamba wimbo wake haukuwa na mtu ndani yake: jahazi lasemwa, bahari yasemwa, lakini asemaye hajulikani, wala aambiwaye. Nilisema kwa ufasaha, kwani hiyo ndiyo kazi yangu. Wenzangu walinisikiliza kwa sababu ya cheo changu cha elimu kuliko ya hoja zangu, na nafasi ikapewa mwingine. Nilipokwenda kumwarifu yule mama alisema, "Haidhuru, baba. Nimefurahi kuimba." Hakuja tena.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nikifundisha darasa juu ya fumbo katika taarabu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, katika wimbo huu ni nani asemaye?" Nikamjibu upesi, kama mtu ajuaye, "Yule anayetuza." Nilipokwisha kusema nilinyamaza kitambo, maana nilikuwa nimesikia hukumu yangu mwenyewe ikivunjwa na kinywa changu.

Kila aliyehudhuria taarabu ajua nilichokuwa nimekisema. Mwimbaji yu jukwaani, na maneno ya wimbo yameachwa wazi kwa makusudi. Mwanamke mmoja ainuka kitini na fedha mkononi. Hainuki kwenye neno lolote, hungoja. Mstari wake ufikapo, ndipo aendapo mbele, taratibu, akatuza, na kwa kutuza huko mstari huo huwa wake. Ukumbi mzima waelewa ni nani asemaye, na mara nyingi waelewa pia ni nani aambiwaye, ingawa jina halikutajwa. Mwenye wimbo hakuwekwa na mtunzi, alipatikana ukumbini. Hakuna mtu awezaye kutufundisha zaidi juu ya kukata vipimo 16 kuliko mwanamke huyo. Katika wimbo wa nusu saa amejua mahali pamoja palipo pake, na amepachukua mbele ya watu wote.

Basi yule muuguzi hakuleta wimbo usio na mtu. Alileta wimbo ulioachiwa nafasi ya mtu, akaijaza yeye. Katika Fiddler on the Roof kuna mahali ambapo Tevye amwuliza mkewe, baada ya miaka 25 ya ndoa, kama ampenda. Golde hajibu swali mara moja. Huhesabu kazi: kufua, kupika, kusafisha, kuzaa, kukamua ng'ombe. Upendo wake umefichwa ndani ya orodha ya kazi za nyumba, kama ambavyo ndani ya jahazi na nahodha mna mke na mume. Mwanamke aliyezoea kusema la moyoni kwa kulizungusha alikuwa ametuletea jamaa wa karibu kuliko wote wa wimbo ule, nami niliyejisifu kujua jamaa za nyimbo sikumtambua. Nilikuwa nimetafuta mtu katika karatasi, na mtu alikuwa amesimama mbele yangu.

Nisikize pia upande wa pili, kwa kuwa toba isiyo na kiasi nayo ni aina ya majivuno. Kiongozi wetu wa muziki alikuwa na hoja ya haki. Taarabu hupita njia zake za sauti, na kwa kusikia beti mbili bila kinanda hakuweza kujua kama mama yule angeshika muziki wa Bock pamoja na wenzake. Mpiga kinanda asiye na karatasi hana la kumsaidia mwimbaji, na msailiwa asiyeleta karatasi amejinyima rafiki aliyewekewa. Nimekubali hayo yote. Lakini dawa ya upungufu huo ilikuwa rahisi: tungempigia sauti tatu nne katika kinanda tukamwambia azifuate, au tungemfundisha mistari michache ya mchezo wenyewe papo hapo. Dakika tano zingetosha. Hatukuzitoa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutoa hotuba.

Hapa ndipo swali lihamapo kutoka kwa mwimbaji na kuwaendea wakaao nyuma ya meza. A Chorus Line, mchezo ulioonyeshwa New York mwaka 1975, wote wahusu usaili. Wachezaji 17 wamesimama mstarini, nao wahitajiwao ni 8, wanaume 4 na wanawake 4. Mwongozaji, akiwa gizani mbali nao, awataka waseme habari za maisha yao, na nyimbo nyingi zimetokana na mazungumzo ya kweli ya wachezaji yaliyonaswa katika kanda mwaka 1974. Mchezo huo hauoni haya kusema ya kwamba anayechaguliwa hujifunua, na anayechagua hubaki gizani. Katika ukumbi wa watu wa mishahara labda haina budi. Katika kikundi cha wenyeji sioni sababu ya giza hilo.

Afrika Mashariki tumepata kuona njia nyingine. Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walipotayarisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uteuzi wa waigizaji na mafunzo yao vilifanywa uwanjani, mbele ya watu wote. Waliotazama walisahihisha maneno, walisahihisha nyimbo, na walijua kwa nini huyu amefaa na yule hakufaa. Serikali iliuzuia mchezo huo mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka. Mchezo ulizuiwa, lakini somo la uteuzi halikuzuiwa: kwamba hukumu juu ya wimbo wa jirani yako yafaa itolewe mahali ambapo jirani huyo aweza kuuliza sababu. Kama yule muuguzi angaliimba mbele ya watu wa mtaa wake, na mimi ningalisema mbele yao kwamba wimbo wake hauna mtu, naamini kina mama wangalicheka, nami ningalijifunza siku ile ile badala ya kungoja miaka miwili.

Kwa wanafunzi ambao wangali wana nia ya kusimama mbele ya meza hiyo, nina maneno machache. Soma mchezo mzima kabla ya kuchagua, na usome hadithi iliyouzaa kama ipo. Chagua wimbo ulio ndani ya sauti yako hata siku uliyo na mafua. Uliza yale maswali manne. Na kama karatasi haina jibu la swali la kwanza, usiutupe wimbo kwa haraka kama nilivyofanya mimi, bali jiulize kama jibu ni wewe. Kata mahali panapogeuka, usikate panapong'ara tu. Karatasi za mpiga kinanda ziwe katika kimo chako, mwanzo na mwisho vimetiwa alama, na mwendo umwonyeshe kwa kumnong'onezea maneno ya mstari wa kwanza kama utakavyouimba. Na akikosea usimtazame kwa jicho baya, maana yeye ndiye mtu pekee chumbani aliye upande wako.

Na kwa wale ambao siku moja watakaa upande wa pili, kama nilivyokaa mimi, nina neno moja. Methali yasema mcheza kwao hutuzwa. Tumeizoea kwa maana ya kwamba mtu akicheza kwao hapungukiwi na wa kumsifu. Lakini ina sharti ndani yake: lazima kwao pawe na watu wajuao kutuza, yaani wajuao ni mstari upi wa kuinukia. Mama yule alikuja kucheza kwao. Sisi tuliokuwa wenyeji wake tulikaa vitini.